Mayai ya Gare na taa ya kijani

Jumamosi. Ukungu haujaondoka Lushoto tangu asubuhi, nguo nilizoanika juzi bado mbichi, na mimi leo sijipendi.

Akina mama wa jumuiya moja kule Gare wana mashine ya kutotolesha vifaranga. Mimi ndiye niliyewafungia kompyuta ndogo ya Linux ya kusimamia joto lake. Ndani yake mna saa ya ulinzi, watchdog kama tunavyoiita mafundi: isipoguswa na programu, yaani isipopelekewa ishara, kwa sekunde kumi na tano, inaizima kompyuta na kuiwasha upya. Niliwaambia kitu hiki hakilali.

Mashine ilikuwa inakaa kwa Mama Shekiondo, mjane wa umri wa mama yangu. Alizoea kutoa yai na kuligusisha kwenye kope ya jicho asikie joto. Nilimcheka, nikamkataza kufunua kifuniko.

Jumanne alinipigia. Akasema kioo cha mashine hakina jasho la siku zote. Nikamuuliza, ile taa ya kijani ya kompyuta inawaka? Inawaka. Basi usiguse kitu, nikakata simu.

Alhamisi tulifungua. Mayai yote ya baridi, na zilikuwa zimebaki siku tatu tu yaanguliwe. Tukapasua manne. Vifaranga walishaota manyoya.

Mbele ya akina mama wote nikasema kuna mtu alichomoa waya achaji simu. Mama Shekiondo akaapa hakugusa. Nikamwambia, "Mashine haidanganyi, mama." Hata shikamoo siku hiyo sikumpa.

Hakuitaja ile simu ya Jumanne. Alinisitiri.

Leo asubuhi nimesoma kumbukumbu za kompyuta. Umeme haukukatika hata sekunde moja. Programu ya joto iliganda Jumatatu jioni, na saa ya ulinzi haikujua, kwa sababu nilipoiseti nilifanya uvivu: kazi ya kuigusa nilikipa kijiprogramu cha pembeni, kinachogusa kila sekunde tano bila kuuliza kama joto linapimwa. Saa ikaridhika, taa ikaendelea kuwaka, vifaranga wakafa. Kurekebisha kumenichukua robo saa. Sasa inayoigusa saa ni programu ya joto yenyewe, tena ikishamaliza kupima.

Mchana nikapanda Gare nikiwa nimejipanga kusema kila kitu. Nikakuta mashine imehamishiwa kwa mama mwingine, wanasema huyu anaelewa mambo ya umeme. Nikaweka programu mpya, nikaigandisha makusudi, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Wakanipigia makofi. Nikatabasamu.

Wakati wa kuondoka nikamkuta Mama Shekiondo amesimama kwenye kona ya njia na ndoo ya mapeasi.

"Pole na kazi, mwanangu. Unisamehe kwa yale mayai."

Nikamwambia nimemsamehe.

Nimemsamehe! Mimi!

Akanipa ile ndoo, nikashuka nayo. Njiani nimekula mapeasi matatu, na yalikuwa matamu.

Kesho baada ya misa watakuwepo wote pale nje ya kanisa. Je, nitapata mdomo wa kuwaambia? Sijui. Hapa nimeandika yote, kwa kuwa najua kule Gare hakuna anayesoma blogu hii.