Upepo Ukiuzima Moto

Mjukuu wangu Nyangeta,

Tu wazima hapa Butiama, ila wiki iliyopita tulimzika dada yangu Wegesa kule Bukima. Uliniuliza kama ule moto wa gesi uliojengewa uani, wa kuota wageni wako, unaweza kuuwasha tena papo hapo upepo ukiuzima.

Tulipokuwa wasichana, mimi na Wegesa tulipikaga kwenye nyumba ya wageni Musoma, jiko la gesi likiwa nje. Siku moja upepo wa ziwani ukauzima moto. Nikachukua kiberiti haraka, Wegesa akanishika mkono.

"Funga mtungi kwanza. Tusubiri harufu iishe."

"Wageni watatugombeza."

"Watugombeze."

Walitugombeza kweli. Wegesa alisubiri mpaka harufu ikaisha, akawasha njiti kwanza, ndipo akafungua gesi. Mkono ulionishika ulikuwa na makovu hadi kwenye kiwiko. Aliyapata kabla mimi sijafika mjini, na hakuwahi kunisimulia. Siku ile nilielewa kwa nini mama alinikabidhi kwake.

Mwite fundi apake povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi, aone kama panavuja. Upepo ukiuzima, funga, usubiri. Wageni wako watakaa na baridi kidogo, lakini watarudi kwao wazima.

Bibi yako,
Nyamisi