Sauti Yako Mnadani

Baba, shikamoo.

Nimeweza! Nakwambia nimeweza!

Unaikumbuka ile video niliyokurekodi kwa simu, unanadi ndizi nje ya kanisa hapa Maji ya Chai baada ya ibada, umeshika maiki ya amplifaya uliyoiunda mwenyewe? Tangu tukuzike, hiyo ndiyo sauti yako pekee tuliyobaki nayo. Na amplifaya yako, samahani Baba, ilikuwa inaunguruma kukuzidi. Mama alikuwa anasikiliza kidogo, kisha ananirudishia simu. "Simsikii," anasema. Iliniuma sana.

Sasa yale mambo yangu ya kompyuta, uliyokuwa ukiyaita gemu! Ulikuwa unataka nijifunze kuchomelea waya, nami nikakujibu kwamba kwenye kompyuta nikikosea nafuta, kwako nikikosea tunanusa moshi. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

Basi nikaandika programu ya kuondoa muungurumo. Wee! Muungurumo ukaisha kweli, na wewe ukaisha nao. Sauti yako yote nzito ikaenda, ukabaki kama mtu aliyebanwa na mafua. Nikafuta, nikaandika upya, wapi! Ndipo nikakumbuka somo lako la transfoma, lile ulilonifundisha nikisinzia: umeme wa ukutani hutikisika mara hamsini kwa sekunde, na muungurumo wake hukaa hapo hapo, halafu kwenye mia, mia na hamsini, kuendelea juu. Kumbe nilikuwa nafyeka shamba zima kwa ajili ya mistari michache ya magugu! Nikakata hiyo mistari tu, myembamba kabisa. Baba, ukatokea. Niliruka mpaka kiti kikaanguka.

Nikakimbia jikoni. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nikaweka spika mezani, nikawasha. "Mkungu huu, mara ya kwanza! Mara ya pili!" Video inaishia hapo. Mama akainua kisu juu: "Naongeza elfu!" Alipaza sauti mpaka jirani akaitika. Halafu akakaa chini, akacheka, akalia, akaniambia nirudie.

Lala salama, Baba wangu. Nakuahidi nitajifunza yote mawili, kompyuta na waya, na amplifaya yako naifungua kwa mikono yangu, nitafute huo muungurumo unaanzia wapi. Sasa naacha, Mama ananiita. Anataka kuupandishia bei tena ule mkungu.