Jani la Manjano na Hina

Ketama, 9 Juni 1997

Mwanangu Hammadi,

Asalaam alaikum. Mimi mzima, alhamdulillah, ila magoti ndiyo hayana adabu. Wewe je, unakula? Shaib aliyekuja na gari kutoka huko kwenu Almería, ng'ambo ya bahari, anasema umekonda.

Ule mfuko wa buluu wa mbolea ya chumvichumvi uliompa aniletee ulifika, na karatasi uliyoandika kipimo chake. Majirani wote wameuona, nimehakikisha.

Sasa, bangi yetu kwenye tuta la juu mlimani inaumwa majani. Kaka zako wa ukoo wote wanapanda mbegu za kigeni siku hizi. Mbegu za kienyeji za marehemu baba yako nimebaki nazo mimi tu, na mwaka huu nimezipanda zote. Kibuyu ni kitupu. Wewe unafanya kazi na mimea kutwa; niambie ni nini. Nikituma jani ndani ya barua utalitambua?

Mama yako, Fettouma

*

Almería, 24 Juni 1997

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nami sijambo, nakula, Shaib ni muongo tangu utotoni.

Mama, nakuomba kwa jina la Mungu, usitie jani kwenye bahasha. Huku bangi ni kosa; hawatasema ni jani gonjwa la shamba la mama yangu. Karatasi zangu za kuishi bado ziko mezani kwa watu.

Nijibu haya. Yameanza kuumwa majani ya chini au ya juu? Mishipa ina rangi gani? Geuza jani: kuna utando kama wa buibui? Yanalegea mchana tu, au hata asubuhi? Kama ni njano ya chini kwenda juu, ni njaa, uongeze mbolea.

Mwanao, Hammadi

*

Ketama, 5 Julai 1997

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Mbuzi kazaa mapacha.

Jani sikulitia. Nimelilaza juu ya karatasi nikalizungushia kalamu, ndilo hilo unaloliona. Kijani nimepaka kwa nanaa niliyoiponda. Imefifia, jani lenyewe ni la kijani kizito mno, linang'aa. Pembeni nimepaka manjano ya jikoni. Ncha zote ni hina, maana zimeungua hivyohivyo. Utando wa buibui hakuna. Yameanza kila mahali pamoja, na ncha zinajikunja chini kama kucha za kuku. Mimount jirani alinikuta nikipaka, akauliza naolewa lini.

Juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Nililamba, ni chumvi.

Mbolea sijapunguza, usidhani. Kila Ijumaa kopo moja kila shina, kama ulivyoandika. Ulivyosema ni njaa nikafanya makopo mawili.

Mama yako

*

Almería, 16 Julai 1997

Mama,

Shikamoo. Niko salama.

Acha mbolea. Ukiisoma barua hii Ijumaa, usiguse kopo. Si ugonjwa, ni mfuko wangu. Kipimo nilichokuandikia ni cha pilipili hoho za humu ndani ya mabanda ya plastiki ninamofanya kazi, zinazonyweshwa kwa mrija tangu alfajiri hadi jioni. Mimea ya baba imezoea mvua na mawe, nami nimekufanya uilishe karamu ya harusi kila wiki. Umenichorea jani vizuri kuliko mtaalamu wetu, na mimi nimekujibu kabla ya kuuliza unaipa nini.

Ifungulie maji mengi, yaoshe ile chumvi. Zamu yako ya mfereji haitatosha, najua. Omba zamu ya Mimount.

Baba aliniambia siku naondoka kwamba mbegu hii ukiilisha unaiua. Nikamcheka mbele ya wageni, nikaiita bangi ya maskini. Naona aibu, Mama. Yeye hayupo nimwambie.

Mwanao, Hammadi

*

Almería, 6 Septemba 1997

Mama,

Wiki saba sijapata neno. Afya yako vipi? Niandikie hata kama tuta zima limekauka. Karatasi zangu zimetoka, lakini sina raha nazo.

Mwanao

*

Ketama, 20 Septemba 1997

Mwanangu Hammadi,

Asalaam alaikum. Usihangaike, nilikuwa tutani, na magoti yalilala wiki mbili. Hongera kwa karatasi.

Mimount alinipa zamu zake tatu za maji. Mimea ilikunywa, ikasimama siku tano, ikaanguka. Tuta lote limekwenda, isipokuwa mstari mmoja ukutani karibu na mtini. Huo sikuupa mbolea hata mara moja.

Utauliza kwa nini. Mfuko ulipofika nilikuwa na shaka, na mwezi wa sita ncha zilipoanza kujikunja nilijua. Nimeishi na baba yako miaka thelathini, sikuwa nimelala. Lakini mfuko ule ulikuwa kitu cha kwanza kutoka kwako kwa miaka minne, na kila nikikuandikia swali juu yake unajibu. Nikaona nimwachie baba yako mstari mmoja, mingine iwe yako.

Usiniambie nilikosea, najua.

Shina moja la dume lilibaki kwenye mstari huo, likatosha kuchavusha majike. Mbegu zimo kibuyuni, hazijai konzi. Zinapandwa mwezi wa tatu, na mimi kukwea hadi tuta la juu siwezi tena. Kwa posta hazitumwi, ulisema mwenyewe. Sasa una karatasi za kuondokea na za kurudia. Njoo uzichukue.

Mama yako, Fettouma