Skola na Mbio za Siku Saba

Jumatatu, 3 Juni

Zamu ya asubuhi tena. Wodi ya mifupa imejaa. Saa ya chai nimefungua mchezo wa simu, nikapanga timu yangu ya baiskeli. Waendeshaji wanane, mbio za siku saba, kila siku kipande kimoja. Kapteni nimempa amri ya kushambulia mapema. Tumemaliza wa kumi na nne. Hovyo kabisa.

Skola wa kitanda cha sita hajala. Ni mwanamke wa kijiji cha Mwimbi, hubeba mahindi kwa baiskeli kupeleka gulioni. Lori lilimbana akaangukia mtaroni, paja likavunjika. Ameshawekewa chuma. Daktari anataka asimame wiki hii, la sivyo goti litakakamaa. Yeye anageukia ukuta.

Jumanne, 4 Juni

Nilikaa kando ya kitanda chake, nacheza. Akageuka.

"Sista, huyo mwenye nguvu mbona umemwacha mbele peke yake?"

Maneno yake ya kwanza tangu aletwe Jumamosi. Nikamwambia ndivyo wenye nguvu wanavyoshinda.

"Mfiche nyuma ya wenzake. Sisi tukitoka Mwimbi na magunia tunapokezana mbele. Upepo wa huku unammaliza mtu kuliko mlima."

Nimemsikiliza. Wa tano! Mwaka mzima nacheza mchezo huu, kumbe sijui kitu.

Jumatano, 5 Juni

Wa tatu. Anaitazama ramani ya njia kwa makini, anauliza kona ziko wapi, mteremko unaanzia wapi. Kichwa anacho. Amemaliza ugali wote.

Lakini magongo yalipoletwa, akajifunika shuka mpaka kichwani. Nimekasirika.

Alhamisi, 6 Juni

Tunaongoza kwa jumla! Nimepiga kelele wodini. Matroni kanikata jicho. Skola bado hajasimama.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeharibu. Skola alisema tusubiri mpaka karibu na kilele. Mimi nikaona wapinzani wamechoka, nikabonyeza kushambulia chini kabisa ya mlima. Kapteni akaishiwa nguvu katikati. Msafara wote ukampita. Tumeshuka hadi wa tisa.

Niliona aibu kumwonyesha. Akatazama, akacheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake.

"Sista, umetaka kufika kabla hujapanda."

Kisha akanirudishia simu. Akasema anaogopa. Siku ya lori aliusikia mfupa ukikatika, na kila akifikiria kushusha mguu anausikia tena. Tena ana watoto wawili. Akisimama tu, watu watamwona kapona, atatakiwa kubeba gunia.

Nikamwambia hakuna gunia hapa. Ni kusimama tu.

"Leo kusimama tu?"

"Leo kusimama tu."

Akashusha mguu. Nilimshika kiunoni. Alitetemeka mwili mzima, jasho likimtiririka, akimwita mama yake kwa Kifipa. Akasimama. Akahesabu mwenyewe mpaka ishirini, ndipo akakubali kukaa. Miaka tisa niko kwenye kazi hii. Ushujaa kama ule sijauona.

Jumapili, 9 Juni

Kipande cha mwisho. Nimempa simu aendeshe mwenyewe. Sikugusa kitu. Alimficha kapteni njia nzima, akamwachia mwishoni. Nilishindwa kukaa.

Tumemaliza wa nne. Kombe hatukupata. Mimi nimefurahi, yeye kanuna: "Kona ile nimechelewa." Mchana katembea na magongo mpaka dirishani na kurudi, bado anailalamikia kona.

Jumatano, 19 Juni

Skola ameruhusiwa. Goti linakunjika vizuri. Kaka yake alikuja na gari la kuazima, akataka kumbeba. Akakataa. Tulisimama mlangoni, mimi na matroni, tukamtazama akivuka uwanja kwa magongo. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha.