Benchi la Juu

Kwa kaka Ilmari, huko Gothenburg,

Viazi vimeoza, paka ni mzima. Jana Helvi, jirani yangu mpya, alinipeleka kutazama filamu ya ndugu waliosusiana miaka mingi, mpaka mama yao akawafungia ndani ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, wapatane. Tulicheka mpaka machozi.

Helvi akanambia, “Bahati yako, shoga, huna ndugu wa kukupandisha presha.”

Nikaitikia kwa kichwa, Ilmari.

Nilipofika nyumbani nikawasha sauna ya Mama, hiyo hiyo tuliyoigombania siku ya mazishi yake. Nikajikuta nimekaa benchi la chini. La juu lilikuwa lako tangu utotoni. Kumbe sijawahi kulikalia.

Njoo mwenyewe. Mama hayupo tena wa kutufungia mlango.

Dada yako aliyekukana jana,
Tuulikki