Bangili ya Shosho Nakurudishia

Kwako Mama,

Kwanza nikuulize mguu. Ulisema ukipanda kutoka mtoni unauma upande wa nje, nami nikakuambia usibebe ule mtungi mkubwa, na najua uliubeba. Sisi tuko sawa. Wanjuki mdogo alikohoa wiki mbili lakini imeisha, sasa anamaliza sahani yake anaingia kwa yangu. Meno ya nyuma yanamtoka, halali vizuri na mimi silali, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni hiyo.

Nimeandika kwa sababu kwa simu hunipi nafasi. Nikianza kueleza habari ya bangili unasema, "Uza, mtoto ale," halafu unaniuliza kama huku mvua imenyesha. Hii utaisoma mpaka mwisho, na pahali macho yakikataa Karimi akusomee.

Ule mkebe wa vitu vya zamani ulionitumia ulinifaa sana. Funguo za makufuli yaliyopotea, zile senti kumi zenye tundu, vifungo vya koti la Baba, na gia za saa ya ukutani iliyokufa nikiwa darasa la nne. Wewe unaita takataka. Mimi nachukua ufunguo mmoja, gia mbili chini yake, shanga moja, naunganisha kwa waya na kamba ya ngozi, inakuwa mkufu. Nilikuwa nimekuambia juu ya Mama Salma, yule wa duka la kanga na mikeka karibu na msikiti. Aliniambia nimpelekee vipande kumi na viwili, akivipenda atanipa rafu moja kwa kabati lake la kioo, pale wageni wanasimama. Rafu hiyo ndiyo ya kunitoa kwa kufulia watu nguo na mtoto mgongoni.

Sasa mimi nikafanya vile ulinilea. Kabla ya kuunganisha chochote nikavimwaga vyote kwa beseni, nikasugua na majivu na ndimu siku mbili, kama sufuria za siku ya wageni. Viling'aa mpaka Wanjuki akawa anajiangalia kwa senti. Nilitembea mpaka kwa Mama Salma nikijiona.

Alivipanga kwa kaunta kimoja kimoja. Akachukua mkufu mmoja, akaunusa.

"Binti, umevifanya nini hivi?"

Nikamwambia nimeviosha.

"Umeviosha mpaka miaka imetoka. Mtu ananunua cha zamani, mimi nimpe kitu kama kimetoka duka la hadiweya jana?"

Nikaanza kuvirudisha kwa mkoba, na hapo ndipo nikaona Wanjuki ameketi chini na kile kitambaa chako kilichokuja na mkebe, fundo amelifungua kwa meno. Nilikuwa nimekiacha ndani ya mkoba vile ulikifunga, kwa sababu ulisema ni cha mtoto. Bangili ya shosho ikabingirika mpaka kwa kiatu cha Mama Salma.

Aliiokota, akaigeuza kwa mwanga wa mlango. Unaijua wewe, waya wa shaba umezungushwa mara saba, mweusi kwa ndani, na upande mmoja umelika. Akasema hicho ndicho kitu. Niikate katikati, nusu iwe mkufu, nusu herini, na rafu ni yangu siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilikupigia simu na wewe ukasema shaba ni shaba. Ulisema shosho mwenyewe angeuza. Labda. Lakini Mama, nilikaa kwa kiti changu nikaishika na koleo, nikabana, waya ukaanza kuingia alama. Iko, utaiona, kama ukucha umepita. Nikaangalia ule upande uliolika nikakumbuka ni mkono wa jembe. Ni mpini wa jembe umeila, mwaka baada ya mwaka, kwa lile shamba tulilokula sisi wote. Na weusi wa ndani ni mafuta ya mbarika aliyokuwa anajipaka. Wanjuki akaingiza mkono wake, bangili ikapita mpaka kwa kwapa. Nikaweka koleo chini.

Huyu mtoto ana jina lako. Baba yake hakutokea, na upande wake ndio ungetoa jina la kwanza, kwa hivyo jina lilikuja kwako moja kwa moja, na mimi mwenyewe namwita mama. Kitu cha mama yako nikikata, nimekata cha mama yake. Siwezi kumwambia hivyo akiwa mkubwa.

Nilianza upya. Fundi wa saa hapa mjini alinipa saa zake zisizopona, na siku ya soko nikaenda Ruiri nikanunua vyuma vya hatamu za punda, kengele mbili za mbuzi zilizopasuka na taa ya chemni bila kioo. Hivyo nilivipangusa na kitambaa kikavu, basi. Mkono uliniwasha, nakuambia ukweli, kuacha kitu hivyo. Mama Salma amechukua saba kati ya kumi na viwili na amenipa rafu, ila ya chini kabisa, karibu na viatu. Nguo bado nafua siku mbili kwa wiki. Awali zilikuwa tano.

Lakini kila nikienda ananiuliza ile bangili. Hanilazimishi, anauliza tu, na juzi aliuliza siku ambayo nilikuwa nimepika uji wa mwisho. Nilirudi nyumbani nikaitoa, nikaiangalia sana. Ndiyo maana nakurudishia. Ikikaa hapa nitaikata, si leo, lakini nitaikata. Ikikaa kwako haitakatwa, kwa sababu nimekuomba, na hujawahi kuninyima kitu nikiomba kwa kuandika.

Iko ndani ya kitambaa chako kile kile. Mjomba Njue aichukue Embu pale wanaweka mizigo ya basi, asimtume mtu mwingine. Wanjuki akiweza kuinua jembe, utamvalisha wewe mwenyewe.

Nisalimie Karimi, dada yangu, asiache hesabu. Msalimie Mjomba akitoka kupeleka maziwa, na shangazi, Tata Marigu wa kwaya, mwambie herini zake za vifungo nimezianza. Mama Ireri wa ng'ambo ya mtaro pia, kwa ile miche ya sukuma aliyokupandia mguu ukikusumbua.

Na Mama, mikono yako naijua. Utaifungua, utaona weusi, utaangalia jikoni. Usiiguse. Majivu yabaki ya sufuria.

Ni mimi wako, ninayemlea jina lako,
Wawira