Vitabu Mia Tatu na Kumi na Viwili

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu wangu amechaguliwa. Jumamosi, maktaba ya shule yao itakapofunguliwa upya, ndiye atakayesoma historia ya maktaba hiyo mbele ya wazazi. Yuko kidato cha tatu tu! Kwa kuwa nilikuwa karani wa shule hiyo miaka thelathini na minne, ameniomba nikae naye anapotafuta habari mtandaoni. Nimekubali.

Alinipa zamu ya kuandika. Nikaandika: Mheshimiwa Mwalimu Mkuu wa Kwanza, Marehemu. Akacheka hadi akashika meza. Kompyuta haijali vyeo, Babu. Ondoa heshima zote, bakiza maneno yenye kazi. Nikaziondoa moja moja, kwa shida.

Jumanne, 5 Machi

Tovuti tisa. Zote zasema kwamba Mwalimu Mkuu wa kwanza alianzisha maktaba kwa vitabu vyake mwenyewe, 312. Mjukuu amefurahi: watu tisa hawawezi kukosea pamoja. Nilimimina chai nje ya kikombe. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Jumatano, 6 Machi

Amerudi amenuna. Mkutubi wao, mama mpole asiyelegeza kamba, ameikataa kazi aliyompelekea. Tovuti tisa zaweza kuwa mdomo mmoja, kasema. Weka sentensi nzima ndani ya alama za kunukuu, tazama tarehe, umfuate aliyetangulia.

Tukafanya hivyo. Maneno ni yale yale kote, hata mikato. Iliyotangulia ni picha ya kijitabu cha jubilei ya shule, kilichopigwa chapa zamani. Jina la mwandishi halimo.

“Sasa huyu nitampata wapi, Babu? Pengine alishakufa.”

Niliye hai nilikuwa nimeketi ubavuni pake, na miwani yangu mkononi.

Vitabu sikuvihesabu. Mwalimu Mkuu alitaka idadi, na alitaka upesi. Asubuhi ile kanisani tuliimba wimbo namba 312. Namba ilikuwa bado kichwani. Nikaiandika.

Alhamisi, 7 Machi

Mjukuu yuko darasani. Nimeketi peke yangu kwenye kompyuta yake, kwa ruhusa yake. Nimeandika: dobi shule maktaba. Matangazo ya sabuni. Mashine za kufulia. Nimeongeza mwaka, kama alivyonifundisha. Nimetia alama za kunukuu. Hakuna matokeo.

Na iandikwe basi hapa. Maktaba ile ilianzishwa na dobi wa shule, mama mkwe wangu. Walimu waliohama walitupa vitabu. Yeye aliviokota, akavibeba kapuni chini ya mashuka. Vilivyolowa alivikausha kwa pasi ya mkaa. Wanafunzi waliazima katika chumba cha kupigia pasi, na ole wake aliyekuja na mikono michafu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivyo. Mwalimu Mkuu aliikata kwa wino mwekundu: jubilei si ya madobi. Nami nikasema, ndiyo, Bwana.

Aliyepiga chapa nakala safi ni mke wangu. Alimfuta mama yake kwa vidole vyake mwenyewe, hakuinua kichwa. Aliniuliza mara moja tu, mwaka wa mwisho wa ugonjwa wake: utairekebisha lini? Nilisema, nikipata nafasi. Nafasi nimekuwa nayo miaka kumi na mmoja.

Kesho nitasema.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesema. Baada ya chai, kabla hajafungua daftari. Nilianza kwa kuomba radhi, akanikatiza: Babu, radhi baadaye, habari kwanza.

Aliposikia, hakulia. Alikasirika.

“Kesho ndiyo kesho, Babu! Nisimame niseme nini?”

“Ukweli, mjukuu wangu.”

“Mkutubi ataniuliza chanzo. Chanzo ni wewe. Na mkono ulioandika uongo ni wako. Nikuamini kwa lipi?”

Swali la haki. Sikuwahi kuulizwa swali la haki namna hiyo kazini. Nikamwambia huenda marehemu bibi yake aliitunza ile rasimu. Akaweka simu mezani na kuwasha kinasa sauti. Basi leta karatasi, kasema, tuipige picha. Halafu utataja jina lako kamili, kazi yako, na mwaka. Bibi mzaa bibi hawezi kupotea mtandaoni kwa sababu babu yangu ana aibu.

Naandika haya nimesimama chumbani. Sandukuni mwa mke wangu rasimu haimo. Nimetoa kanga zote, vyeti, miwani yake. Mwishoni nikafungua kitabu chake cha nyimbo, sijui kwa nini, labda kukishika tu. Kikafunguka chenyewe.

Rasimu iko ndani, imekunjwa mara mbili. Wino mwekundu umefifia. Maneno yaliyo chini yake yanasomeka vizuri kuliko yalivyosomeka siku ile.

Aliiweka kwenye wimbo namba 312. Kumbe alijua na hilo pia.

Mjukuu anaita kutoka sebuleni: “Babu, simu inarekodi ukimya tu!”

Nakuja, mjukuu wangu. Karatasi ninayo. Ngoja nifute miwani.